Si Kila Homa Ni Malaria

Miezi ya Juni na Julai hapa Songea tunaijua. Baridi inakaza, madirisha yanafungwa, watoto wanalala wamebanana, na kuanzia Lizaboni hadi Bombambili ni mafua na kikohozi. Mtoto akichemka usiku, wengi wetu husema, "Ni malaria," tukatafuta vidonge vilivyobaki kabatini. Mwezi huu tulitazame upya jambo hili.

Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Walichukua damu na ute wa puani ili kujua kila mtoto anaumwa nini hasa. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: watoto 6 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na wenye malaria walikuwa kama mmoja tu katika kila 10. Wengi walikuwa na virusi.

Mwaka huohuo wa 2008 nchi yetu ilianza kufuatilia virusi vya mafua katika hospitali chache zilizochaguliwa, zikiwemo Mwananyamala, Haydom na Sekou Toure ya Mwanza. Mgonjwa huchukuliwa ute kwa kijiti chenye pamba, na maabara hutambua ni virusi gani vinavyozunguka.

Hayo yanatuhusu nini sisi? Virusi haviuawi na dawa ya malaria wala antibiotiki. Tukizitumia ovyo, vijidudu vingine huzizoea, na siku mtoto akipata kichomi cha kweli dawa itashindwa. Lakini tusikae tu nyumbani. Malaria bado ipo mkoani kwetu, hivyo kila homa ipimwe. Jirani au mama mkwe akisema, "Mpe tu vidonge," tumjibu kwa heshima: "Tukapime kwanza, mama."

Mtoto mwenye mafua anyonyeshwe mara kwa mara au apewe vinywaji vya kutosha, pua isafishwe kwa kitambaa laini, nasi tunawe mikono kwa sabuni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Moshi na hewa yake ni hatari.

Kisha tuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kichomi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, tusingoje kupambazuke. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa yoyote, apelekwe hospitali mara moja.

Maabara iko mbali, lakini macho ya mama yako karibu. Tuyatumie.