Waliouawa Walikuwa Wangapi?

Kila wanapokumbukwa wahanga wa mapigano ya kikabila yaliyozuka nchini mwaka 1991, swali moja hurudi Kitale na Bungoma: waliouawa walikuwa wangapi? Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Mheshimiwa Kennedy Kiliku ilitaja watu 779 katika taarifa yake ya Septemba 1992. Shirika la Africa Watch, Novemba 1993, lilikadiria kuwa wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na 300,000 kufukuzwa makwao. Wapo wasemao kwamba penye hesabu mbili pana uongo mmoja. Sisi hatukubaliani nao.

Kwanza, hesabu hizo zilifungwa siku tofauti, na damu ilikuwa ikiendelea kumwagika. Pili, kila mhesabu huhesabu yanayomfikia. Aliyekimbia Endebess akalala kanisani hakupita kituoni; jeraha lake halikuingia katika fomu ya P3. Polisi wanapoogopwa, kitabu cha matukio hubaki kitupu, na utupu huo ukadhaniwa kuwa amani.

Ugumu ulizidi Mlima Elgon. Kuanzia 2006 kundi la SLDF liliua na kuteka watu. Machi 2008 wanajeshi walipoingia kwa Operesheni Okoa Maisha, wengine walichukuliwa wasirudi. Asiye na kaburi ahesabiwe wapi? Sheria ya Ushahidi humdhania mtu kuwa amekufa asiposikika kwa miaka 7. Kwa miaka hiyo mkewe si mjane, wala si mke mwenye mume.

Kwa hiyo twawasihi wanaharakati na waumini: kila parokia na kila kanisa liwe na daftari. Andikeni jina, kijiji, tarehe na tendo. Aliyeona kwa macho atengwe na aliyesikia. Waandikwe wa makabila yote, hata wa jirani aliyetuudhi. Nakala ihifadhiwe mahali pengine, na majina ya mashahidi yalindwe. Zaidi ya yote, msitie chumvi: jina moja la uongo humpa mkanushaji sababu ya kulitupa daftari zima, na mahakamani idadi isiyo na majina haisimami.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hustahili daftari, sembuse binadamu?