Daftari la Wiki: Nyayo za Harriman

Wafungwa ndio waliotangulia na mashoka. Mwaka 1909 jimbo la New York lilikuwa katika mpango wa kulihamishia gereza la Sing Sing huko Bear Mountain, kando ya mto Hudson, na wafungwa walikuwa wameshaanza kufyeka msitu. Ndipo Mary Harriman, mjane wa tajiri wa reli, alipojitolea kutoa ekari 10,000 na dola milioni 1, kwa sharti kwamba mpango wa gereza ufutwe. Mwaka 1910 ukafutwa, na hifadhi ya jimbo ya Harriman ikaanza kuota. Huo ulikuwa ukarimu mkubwa, ila shamba la familia yake, Arden, lilikuwa jirani. Nani angependa gereza uani?

*

Raymond Torrey alikuwa mwandishi wa safu katika New York Evening Post. Aliandika kuhusu matembezi ya porini, kisha mwisho wa wiki akishika panga mwenyewe na wenzake wa kujitolea, wakisafisha njia na kuweka alama za rangi kwenye miti. Tarehe 7 Oktoba 1923 kikafunguliwa kipande cha kwanza cha Appalachian Trail, kutoka Bear Mountain hadi Arden. Leo urefu wa njia hiyo unazidi maili 2,100. Torrey alifariki mwaka 1938, na majivu yake yakatawanywa kwenye Long Mountain, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, penye mwamba wenye maandishi ya kumkumbuka. Safu za wengine huishia kufungia maandazi.

*

Jirani na Bear Mountain, Mlima Dunderberg una matuta mapana kupita kiasi kwa watembea kwa miguu. Ni mabaki ya reli ya starehe iliyoanza kujengwa mwaka 1890: mabehewa yavutwe kwa kamba hadi kileleni, kisha yateremke yenyewe yakizunguka mlima. Fedha zikakatika mwaka uliofuata. Mahandaki hayakukamilika, wala behewa halikupanda.

*

Doodletown ndipo pa kusimama. Kilikuwa kijiji cha wakata kuni na wachimba chuma, na katika miaka ya 1940 kilikuwa na watu 300 hivi, kanisa na shule. Hifadhi ilipozidi kutanuka, ilinunua nyumba moja baada ya nyingine, na waliogoma walitwaliwa ardhi kwa nguvu ya sheria. Wa mwisho waliondoka katikati ya miaka ya 1960, nyumba zikabomolewa. Zimebaki ngazi za mawe zisizopanda popote, misingi, makaburi ya familia za June na Herbert, na vibao vinavyoeleza nani aliishi wapi.

Njia inayopita hapo inaitwa 1777, kwa sababu mwaka huo, tarehe 6 Oktoba, katika vita vya uhuru wa Marekani, askari wa Uingereza walikatiza kijijini wakienda kuziteka ngome za Montgomery na Clinton. Wapitaji wa siku moja wakapewa njia. Wenyeji wa karibu miaka 200 wakapewa vibao. Barabara ya lami ya kijiji bado ipo chini ya majani, na majira ya kuchipua hujaa watazama ndege na darubini zao.