Uraia wa Kuzaliwa Marekani: Kesi ya Wong Kim Ark na Yaliyofuata

Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri inayolenga kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa nchini humo iwapo mama anaishi bila kibali au kwa viza ya muda, na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Mahakama za ngazi ya chini ziliizuia, zikirejea shauri la mtoto wa wahamiaji wa Kichina, Wong Kim Ark.

Wong alizaliwa San Francisco mwaka 1873. Wazazi wake, ambao sheria haikuwaruhusu kuomba uraia, walirejea China. Yeye alibaki akifanya kazi ya upishi. Mwaka 1894 alisafiri kwenda China akiwa na hati iliyotiwa saini na mashahidi Wazungu kwamba ni mzaliwa wa mji huo. Aliporudi mwaka uliofuata, ofisa wa forodha alimkatalia kushuka, akashikiliwa melini kwa miezi kadhaa. Tarehe 28 Machi, 1898, Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 2, kuwa ni raia kwa kuzaliwa.

Ushindi huo ndio unaotajwa siku zote. Yaliyofuata hutajwa kwa nadra, ilhali ndiyo yanayoifafanua zaidi hoja ya leo. Mwaka 1901 Wong alikamatwa El Paso, Texas, akatakiwa kuthibitisha upya uraia ule ule. Mwaka 1910 mwanawe mkubwa aliwasili kutoka China. Maofisa hawakuamini kuwa ni mwanawe, akarudishwa. Wadogo zake watatu walikubaliwa baadaye. Wong mwenyewe aliondoka mwaka 1931, hakurudi tena.

Mahakama ilimpa haki. Mzigo wa kuithibitisha ukabaki mabegani mwake. Amri ya sasa ingeueneza mzigo huo, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa pekee kisingetosha tena, hata kwa watoto wa raia.

Kwa Watanzania wanaosoma au kufanya kazi Marekani kwa viza ya muda, suala hili si la mbali. Sheria yetu humtambua mtoto wao kwa kurithi, hivyo kwa kawaida hatakosa taifa. Hata hivyo, ni busara kutunza cheti chake pamoja na nakala za pasipoti na vibali ambavyo wazazi walikuwa navyo siku alipozaliwa.