Ndugu Zangu wa Chanzuru, Lile Dimbwi Tusilifukie

Ndugu zangu wa Chanzuru, Ilonga na Kimamba, masika yakikolea, yale madimbwi ya maji ya rangi ya chai ya maziwa pembeni mwa majaruba huwa na samaki. Watoto wanawajua, maana ndio wanaowavua kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Sisi watu wazima tunaona maji machafu na mbu, tunaanza kuulizia lori la kifusi.

Naomba hilo lori lisubiri kidogo.

Samaki hao wanasayansi huwaita Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius steinforti, alitambuliwa rasmi mwaka 1977 na Mholanzi aitwaye Wildekamp, kutokana na samaki waliopatikana karibu na Kimamba. Si samaki wa nchi nzima huyu. Kwao ni hapa, kwenye bonde la mto Wami. Dume hapiti urefu wa kidole, lakini wekundu na buluu aliyonayo haisemeki. Jike ni wa kahawia tu. Wakati wa kutaga, dume humbana jike kwa pezi la mgongoni, wakateremka pamoja mpaka kwenye tope, wakatetemeka, na yai moja likazama. Moja tu. Kisha wanaanza tena, na mchana unapita hivyo.

Kiangazi kikiingia, dimbwi hukauka na wote hufa. Mayai hubaki ndani ya ule udongo mweusi unaopasuka, yakingoja miezi. Mvua ikirudi, hayaanguliwi yote kwa pamoja. Mengine hubaki chini, kwa sababu mvua za mwanzo zina tabia ya kunyesha siku mbili na kukata. Yanayoanguliwa hukua mbiombio, na kabla ya maji kukauka tena nao wameshataga.

Kwa hiyo tope lile kavu, tunalolichimba kufyatulia matofali, ndilo lenye samaki wote wa mwaka ujao. Hapo ndipo ombi langu linapoanzia. Mtu akivua samaki wazima wachache mwishoni mwa masika, hasara ni ndogo, kwa kuwa wameshataga na wangekufa hata hivyo. Akichota tope debe kwa debe, amebeba ukoo mzima. Na ukifukia dimbwi, hakuna masika yatakayolirudisha.

Kuhusu mbu, samaki hawa wanakula viluwiluwi vyao, na watafiti Afrika Mashariki waliwaandika kwa sababu hiyo tangu miaka ya 1940. Sisemi watamaliza malaria katika wilaya yetu ya Kilosa. Nasema dimbwi lenye samaki si la kuonea hofu kama dimbwi tupu.

Wageni wanaokuja kutafuta samaki wa mapambo tuwakaribishe, ila wapite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa uvuvi wa wilaya, wawe na vibali. Tunayo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na samaki hai hasafirishwi nje kama mchicha. Wavue jozi chache, wasiguse tope, na waandike walipowatoa. Wafugaji makini wa Ulaya na Marekani hufanya hivyo: mfuko wa mayai huandikwa jina la mahali na mwaka, na samaki wa dimbwi moja hawachanganywi na wa lingine. Mimi huona ni aibu kidogo kwamba jina la kijiji chetu litunzwe kwenye kabati la mtu wa mbali, na sisi wenyewe hatuna hata ndoo moja ya samaki hawa.

Kuwafuga si jambo gumu. Vijana wa sekondari wanaliweza: ndoo ya maji yaliyotulia, dume mmoja na majike wawili, na bakuli la makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuchemshwa, wapate pa kutagia. Baada ya wiki moja au mbili, makumbi yanakamuliwa mpaka yasitoe tone, yanafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuandikwa tarehe. Miezi michache baadaye unayalowesha, na ndani ya saa chache vifaranga vinaogelea. Mwalimu wa baiolojia atafute nini zaidi? Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, si mbali, na wataalamu wake wa samaki wanaweza kuombwa ushauri.

Ila waliozaliwa kwenye ndoo wasimwagwe kwenye dimbwi lingine, hata kwa nia njema. Na perege wa bwawa la kufugia abaki bwawani.

Kabla ya mvua za vuli, kila kijiji kitenge dimbwi moja lisilofukiwa wala kuchotwa tope, hata kama ni shimo la zamani la moramu. Jambo hilo lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe kwenye muhtasari, na mwenye shamba la jirani aombwe asioshee bomba lake la dawa humo.