Kabla ya kulipa Linux, uliza: naweza kumupatia jirani?

Bandugu wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa Likasi katikati,

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta nyingi za okazyo tunazotumia mu mji wetu, kwenye sekretaria, kwenye masomo na manyumbani, ni za umri ule. Windows 11 inazikataa, na makuta ya kununua nyingine hakuna. Njo maana siku hizi jina la Linux linasikika hata kwa watu ambao mbele hawakulijua. Na biashara imefika pamoja nalo. Mmoja anapana fulashi bure. Mwingine anaiuza. Wa tatu anasema: «Ile ya bule haina wifi, haina muziki, haina video. Ya kulipa njo iko na vyote.»

Sisi hatukatai mtu kuuza. Lakini tunataka kila kijana ajue ni kitu gani kinauzwa, kwa sababu kesho watakaouziwa ni masomo na ofisi za komini, na makuta yatakayotoka ni yetu sote.

Tuanze na shina. Linux ilianza 1991, wakati mwanafunzi wa universite ya Helsinki, Linus Torvalds, alipoandika kiini cha mfumo na kukiweka wazi. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya lisansi inayoitwa GPL. Kwa kifupi lisansi ile inasema: tumia, soma msimbo wa ndani, badilisha, nakili, mupatie mwenzako, hata uza ukitaka, ila yule unayemupatia naye abaki na haki zilezile. Kiini peke yake hakimtoshi mtumiaji. Njo maana kuna distribisyo, ni kusema mfuko kamili: kiini, programu za kuandika, za intaneti, za picha, vyote tayari kuinstala. Debian, Ubuntu, Fedora na Mageia ni mifuko ya namna hiyo.

Shida inaanza na vitu vichache visivyo huru. Kadi nyingi za wifi haziamki bila programu ndogo ya kampuni iliyozitengeneza, na msimbo wa programu ile umefichwa. Kadi za picha za Nvidia nazo zina piloti ya kampuni. Muziki wa MP3 ulikuwa na hati za uvumbuzi ambazo ziliisha 2017 tu. Mbele ya pale, distribisyo nyingi za bure ziliogopa kuuwekea programu. Hizi paketi zilizofungwa njo watu waligeuza biashara.

Mfano uko Ufaransa. Mandrake ilizaliwa 1998, baadaye ikaitwa Mandriva. Ilikuwa na toleo la Free, lenye programu huru tupu, ambalo kila mtu aliruhusiwa kunakili na kugawa. Iliuza pia PowerPack: mfumo uleule, ukiongezewa piloti na programu za kampuni nyingine. Aliyelipa alipumzika kweli, vitu vilienda. Lakini zile paketi za ziada hazikuwa za kunakili na kumupatia mwenzako. Mwaka 2015 kampuni ikafilisika. PowerPack ilikuwa imeisha tayari. Sehemu huru haikufa: tangu 2010 wafanyakazi wake wa zamani na wapenzi wake walikuwa wameichukua na kuanzisha Mageia, na hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Kilichofungwa kilienda na mwenye ufunguo.

Kwa hiyo swali la kwanza si «bei ngapi?». Kwetu swali la kwanza ni: naweza kumupatia jirani? Ku Likasi mega ni ghali, na distribisyo moja ina giga kadhaa. Mmoja akiishusha usiku, kesho yake watu kumi wanaipata kwa fulashi bila kosa lolote, kwa sababu lisansi inaruhusu. Kitu kisichoruhusiwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kila nyumba itakitafuta na kukilipia upya. Hiyo njo bei ya kweli, hata kama mu karatasi wameandika sifuri.

Na yule anayesema ya bure haina wifi anaongea habari za zamani. Debian, iliyoanza 1993, ilikuwa kali: vitu visivyo huru viliwekwa kando, na wengi walikwama kwenye kuinstala. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na tangu Debian 12, ya mwezi wa sita 2023, diski ya kuinstala inabeba zile programu ndogo za wifi. Ubuntu yenyewe inakuuliza unapoinstala kama unataka piloti na kodeki za nje; unaweka alama, basi. Hata Ubuntu Pro, inayorefusha ulinzi kutoka miaka 5 hadi 10, hailipishwi kwa mtu binafsi mwenye mashine zisizozidi 5. Angalieni vizuri: kitu kinaweza kuwa bure kisiwe huru. Piloti ya Nvidia hulipi kitu, lakini sehemu yake kubwa, kampuni pekee njo inajua kilichomo. Iweke kama unaihitaji, ila uiweke ukijua.

Mwenzetu atauliza: kama yote ni bure, kijana atakula nini? Ni swali la haki. Auze kazi yake. Red Hat ilijenga utajiri wake kwa kuuza huduma: marekebisho, msaada, mtu wa kuitika mashine inapoanguka. IBM iliinunua 2019 kwa dola miliari 34. Kijana wa Kikula anayeshusha mfumo kwa mega zake, anayeuinstala na kumfundisha mama wa sekretaria kuutumia, alipwe, na alipwe vizuri. Aseme tu ukweli: «Mfumo ni bule, unalipa kazi yangu.» Anayesema «unalipa lisansi» wakati hakuna lisansi ya kulipa, anatuibia, hata akiwa ndugu yetu.

Wala hatuifanyi Linux kuwa dini. Mwenye kuchora mipango kwa AutoCAD atabaki na Windows, kwa sababu AutoCAD haiendi kwenye Linux. Mtu binafsi na achague mwenyewe. Makuta ya watu wote ni jambo lingine.

Mwaka 2004, universite ya Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika yenye Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Kwa paketi iliyofungwa, wangengoja kampuni iamue kama lugha yetu inastahili.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, masomo na ofisi za mji zinapotaka mfumo wa kompyuta, zianze na distribisyo huru, na orodha ya kila paketi iliyofungwa ibandikwe mlangoni, na sababu yake. Pili, makuta yaliyotengwa kwa lisansi yalipe kwanza vijana wa hapa kuinstala, kutengeneza na kufundisha. Tatu, anayeuza fulashi aandike juu yake ni distribisyo gani, na ni nini ameongeza.

Wengi wetu tuko na lisansi ya universite mu kabati, na haijatupatia kazi. Hatutaki Leta inunue mbali lisansi nyingine isiyotupatia kazi vilevile. Tayari tunaona madini yetu yakitoka mawe na kurudi telefone iliyofungwa.

Ubuntu ilianzishwa 2004 na kijana wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lake si geni kwetu: wazee wetu wa Kiluba wanasema bumuntu, sisi tunasema utu. Mwenye fulashi asiifiche. Mwenye ujuzi aweke bei ya kazi yake, bila uongo. Na wewe, kabla ya kutoa makuta, uliza: naweza kumupatia jirani?