Kujitenga kwa Mafundi wa Programu

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Kwa hiyo wasiopatana na wasimamizi wa mradi wanaweza kuichukua kazi yote na kuiendeleza kwa jina jingine. Je, tuwasifu au tuwalaumu?

Tuutazame mfano wa OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, ambayo Sun Microsystems ilifungua msimbo wake mwaka 2000. Mnamo Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun. Waliojitolea waliingiwa na hofu juu ya hatima ya kazi yao, na tarehe 28 Septemba mwaka huohuo wakatangaza shirika lao, The Document Foundation, pamoja na LibreOffice. Jina la zamani hawakulichukua, maana lilikuwa mali ya kampuni.

Kwa maoni yangu walitenda haki. Bwana shamba anayejua kwamba wakulima wanaweza kuondoka na mbegu hathubutu kuwapuuza daima. Mwaka 2011 Oracle yenyewe iliiachia OpenOffice, ikaikabidhi Apache Software Foundation.

Hapo ndipo gharama ilipoonekana. Nyumba zikabaki mbili, tena zenye leseni tofauti: LibreOffice yaweza kuchota kazi ya Apache, lakini Apache haiwezi kuchota ya LibreOffice. Mafundi wengi walikwenda upande mmoja. Jina mashuhuri likabaki upande wa pili. Toleo la 4.1 la OpenOffice lilitoka mwaka 2014, na tangu hapo yamefuata marekebisho madogo tu. Mwaka 2016 msimamizi wake alizungumza hadharani juu ya uwezekano wa kuufunga mradi. Hata hivyo watu wangali wakiipakua, kwa kuwa ndilo jina walilolizoea. Mtumiaji huyo hakushiriki ugomvi wowote, naye ndiye anayekaa na programu ambayo nyufa zake za usalama huchelewa kuzibwa.

Si lazima iwe hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2014 baadhi ya mafundi wa Node.js, waliochoshwa na usimamizi wa kampuni moja, walijitenga na kuanzisha io.js. Kabla ya mwaka 2015 kwisha, mradi ulikuwa umewekwa chini ya shirika la pamoja, na kazi ya pande zote mbili ikaunganishwa katika toleo la 4 la Node.js. Waliojitenga walirudi na walichokijenga, wala hawakuambiwa wakibomoe. Kati ya OpenOffice na LibreOffice, hilo halijatokea.