Moshi wa Jirani na Hoja ya Uhuru

Tarehe 16 Aprili 2024, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Uingereza, Bi Victoria Atkins, alisimama bungeni kutetea muswada wa sheria ya tumbaku na sigara za kielektroniki. Shabaha ya muswada ule haikuwa ya kawaida: mtu yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2009 au baada ya hapo asiuziwe tumbaku kihalali maishani mwake mwote, hata akifikisha miaka 80. Katika hotuba hiyo alitamka jambo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema kwamba ndani ya uraibu hamna uhuru, na kwamba nikotini humpokonya mtu uwezo wake wa kuchagua.

Wanasiasa husema mengi, na mengi hayastahili kukumbukwa baada ya juma moja. Neno hili tunaliona tofauti, kwa kuwa lilitoka kinywani mwa waziri wa chama cha Conservative, chama ambacho kwa miaka mingi kimejinadi kwa uhuru wa mtu binafsi. Waliompinga kwa sauti kubwa kuliko wote walikuwa wa chama chake mwenyewe, nao walimpinga kwa jina la uhuru huo huo. Kura zilipohesabiwa, wabunge 383 waliunga mkono na 67 walikataa. Kati ya hao waliokataa, 57 walikuwa wenzake wa chama.

Hoja za wapinzani tusizidharau. Bi Liz Truss, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, aliona kwamba serikali inaingilia maisha ya watu wazima wenye akili zao timamu. Bi Kemi Badenoch alikuwa na hoja nzito zaidi kwa maoni yetu: sheria inapaswa kuwatendea watu wazima wote sawasawa. Itafika siku, kwa mujibu wa muswada huo, mtu wa miaka 40 ataruhusiwa kununua sigara na mdogo wake wa miaka 39 atakataliwa, wote wakiwa wamesimama katika foleni moja. Hilo ni jambo la ajabu katika sheria yoyote, na kulikubali hakumgeuzi mtu kuwa mtetezi wa sigara.

Lakini hoja ya uhuru hulegea tunapouliza ni lini uchaguzi huo hufanyika. Serikali ya Uingereza ilieleza kwamba zaidi ya wavutaji wanne kati ya watano walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Kwa hiyo mtu mzima anayetetewa bungeni, yule mwenye akili timamu aliyejipimia faida na hasara, kwa kawaida hakuwapo siku sigara ya kwanza ilipowashwa. Aliyekuwapo ni kijana aliyetaka kuonekana mkubwa mbele ya wenzake. Mtu mzima alirithi tu deni la kijana huyo.

Hapa mafundisho ya Kanisa yanakutana na maneno ya waziri. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba hata katika mambo yaliyo halali hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku kwa jina, pamoja na chakula, kileo na dawa, inapozungumzia fadhila ya kiasi. Tuseme wazi kwamba haikuitangaza sigara kuwa dhambi yenyewe kwa yenyewe, na hatuna ruhusa ya kuongeza pale Kanisa lilipoishia. Historia yetu nayo ina vituko vyake: mwaka 1642 Papa Urbano VIII alilazimika kukataza matumizi ya tumbaku katika makanisa ya jimbo la Sevilla, Hispania. Wale ndugu wanaotoka nje kila padre anapoanza mahubiri, wakarudi wakati wa Nasadiki wakinuka moshi, wana wazee wao wa kale.

Tendo la karibu zaidi ni la Baba Mtakatifu Fransisko. Mwezi Novemba 2017 iliamuliwa kwamba kuanzia mwaka uliofuata sigara zisiuzwe tena ndani ya Vatikano, ambako wafanyakazi na wastaafu walikuwa wakizipata kwa bei nafuu. Biashara hiyo iliingiza fedha nyingi. Msemaji wa Vatikano alieleza kwamba hakuna faida inayoweza kuwa halali ikiwa inagharimu uhai wa watu. Tuyakumbuke maneno hayo, maana tutayahitaji hapa chini.

Kuna pia suala la moshi wenyewe, ambao hauulizi nani amechagua na nani hakuchagua. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 1.3 walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya kuvuta moshi wa sigara za wengine. Uingereza ilikwenda hatua kwa hatua: tarehe 1 Julai 2007 sigara zilikatazwa katika kumbi na sehemu za kazi zilizofungwa, kisha kuanzia Oktoba 2015 ndani ya magari yenye watoto. Mwaka 2024 serikali mpya ya Bw. Keir Starmer ilifikiria kuukataza uvutaji hata katika bustani za baa, lakini wenye baa walilalamika na wazo hilo likaachwa.

Sasa tuseme kile ambacho hotuba ya Bi Atkins haikukigusa. Moja ya kampuni kubwa kabisa za sigara duniani ina makao makuu yake London, na hakuna kifungu katika muswada ule kinachoizuia kuuza Afrika. Na jani lenyewe hutoka wapi? Sehemu yake hutoka kwetu. Wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya hulima tumbaku ya mvuke. Wale wa Namtumbo hulima tumbaku ya moshi. Ni waamini wetu. Ada za shule, bati za nyumba, na zaka tunayoipokea kwa mikono miwili hutokana na jani hilo. Kuni za mabani ya kukaushia hutoka katika misitu ya miombo inayozidi kupungua, na anayechochea moto bani usiku kucha huuvuta moshi bila kuwasha sigara hata moja.

Bunge letu nalo huizungumzia tumbaku, lakini mara nyingi ni katika bajeti ya kilimo: bei kwa kilo, pembejeo, malipo yaliyochelewa kufika vyama vya msingi. Hayo ni madai ya haki. Mkulima asichukiwe kwa sababu ya zao aliloelekezwa kulima. Hata hivyo, Tanzania imeridhia tangu 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, na ibara ya 17 ya mkataba huo inataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala zenye kipato. Tungependa kumsikia mbunge wa eneo la tumbaku akiisoma ibara hiyo kwa sauti, mbele ya mawaziri wa afya na wa kilimo kwa pamoja.

Muswada wa Bi Atkins ulikufa Bunge lilipovunjwa kwa ajili ya uchaguzi wa Julai 2024. Chama cha Labour kiliurudisha, na tarehe 26 Novemba mwaka huo ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 415 dhidi ya 47.

Mwaka 2024 mtoto aliyezaliwa Januari 2009 alikuwa na umri wa vijana wetu wa kipaimara. Huko, muuza duka atapaswa kumdai kitambulisho. Kwetu, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Lakini mjomba akiwa amekaa kivulini humpa mtoto sarafu na kumtuma kibandani akamletee sigara moja, naye muuzaji humpatia, kwa kuwa anamfahamu mjomba.